Meneja Mwenye Fimbo ya Kwaya

Watu hudhani kwamba mwenye kazi mbili ana mishahara miwili. Mimi ninao mmoja. Lawama ndizo zinazokuja jozi. Mchana ni meneja wa supamaketi hapa Dar es Salaam, jioni ninaongoza kwaya inayoimba nyimbo za Handel na Haydn, watunzi wa zamani wa Ulaya, kwa noti za solfa, zile za do, re, mi, na hakuna anayeniuliza jambo mahali linapopaswa kuulizwa.

Juzi mazoezini, nilipoinua mikono ili sauti ya nne, yaani besi, iingie, mama mmoja wa sauti ya pili alinyoosha kidole. Nilifurahi, nikidhani anataka kujua kama noti ile ni fa au fe, kumbe anauliza, “Mwalimu, ile ofa ya mafuta ya kula inaisha lini?” Sauti ya tatu yote ikanyamaza kusikiliza jibu, jambo ambalo sijawahi kulipata kwa fimbo yangu ya kuongozea.

Dukani nako keshia akichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana hunijibu kwa adabu kwamba alikuwa kwenye pumziko. Mashine yake ya kusomea bei inalia soh, ya jirani yake inalia kati ya soh na la, na fundi niliyemwita azilinganishe alinishauri nikapime masikio. Lully, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, alijigonga mguu kwa fimbo ya kuongozea muziki akafa kwa jeraha hilo mwaka 1687. Angalau yeye hakusagwa kisigino na toroli la mteja.

Lakini linaloniumiza zaidi ni la Haydn. Niliwasimulia wafanyakazi jinsi mwaka 1772, Mwanamfalme Esterházy, mwajiri wa Haydn, alipowakawiza wanamuziki wake mbali na familia zao, Haydn alivyotunga simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra, ambayo mwishoni kila mpigaji huzima mshumaa wake na kuondoka, hadi wakabaki wapiga fidla wawili. Nilitaka wapende muziki. Sasa kila ikikaribia saa tatu usiku, keshia wa kwanza huzima taa ya kaunta yake, wa pili hufuata, kisha wa tatu, mpaka nabaki mimi na mlinzi mbele ya foleni ya matoroli yaliyojaa. Mteja akiuliza meneja yuko wapi, mlinzi, ambaye ndiye sauti ya nne yangu ya kutegemewa, humjibu nikiwa nimesimama papo hapo kwamba mwalimu ameshakwenda mazoezini.