Adabu iliyotugharimu elfu tano

Mwezi uliopita nilimtuma mwanangu wa miaka tisa dukani na noti ya elfu kumi. Sukari kilo moja, elfu tatu. Mkate, elfu moja na mia tano. Akarudi na sukari, mkate, na sarafu moja ya mia tano. Muuzaji alidhani amepewa elfu tano. Nikamuuliza mtoto kama aliliona kosa. Aliliona, hesabu anaijua vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Sasa mbona hukumwambia? Akainamisha kichwa. "Baba, yule si mtu mzima?"

Nilikasirika, kisha nikakosa wa kumkasirikia. Jibu lile ni langu. Tangu anaanza kutamka maneno nimemwambia mkubwa habishiwi, mkubwa akizungumza unanyamaza, mkubwa akikutuma unakwenda kwanza, maswali baadaye.

Kaka yangu, yaani baba yake mkubwa, alikuwa ameketi sebuleni siku hiyo na hakuona tatizo. "Elfu tano inarudi, mdogo wangu," alisema. "Adabu ikipotea hairudi." Hoja yake nimeifikiria sana tangu siku ile, na sioni haki kuipuuza eti kwa sababu ni ya kizamani.

Mtoto anayeamkia hujulikana mtaa mzima. Mama wa vitumbua anajua ni wa nyumba ipi, fundi baiskeli anajua, na siku akionekana kituo cha daladala saa mbili usiku kuna mtu atamshika mkono amrudishe kwao. Salamu ile, ambayo wengi husema asili yake ni "nashika miguu", wapo wanaoiona ni ya kinyonge. Mimi naiona kama bima, tena ya bei nafuu kuliko zote: mtoto analipa neno moja asubuhi, mtaa mzima unamlinda hadi jioni. Halafu kupokea kitu kwa mikono miwili, kumpisha mzee kiti, kutokula kabla mgeni hajanawa, vyote vinamfundisha kwamba dunia haikuanza siku aliyozaliwa yeye.

Upande wa pili nao nimeuona. Rafiki yangu aliamua watoto wake walelewe kwa uhuru, waseme wanachokitaka muda wowote. Bibi yao akaja kutoka Tanga, safari ya kutwa nzima, na kuku kwenye tenga. Mjukuu hakuinua macho kwenye simu. Bibi akakaa ukingoni mwa kochi akiwa bado na mtandio wake wa safari, akisubiri salamu ambayo haikuja. Mtoto yule anajua kusema "sitaki" vizuri kabisa. Kuona kwamba kuna mtu ameingia ndani, hajui.

Ningeishia hapo, kaka angekuwa ameshinda. Lakini kuna mambo makubwa kuliko chenji ya sukari.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatoka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati yao, waliomwambia mtu yeyote ni takriban nusu ya wasichana na theluthi tu ya wavulana. Sisemi shikamoo ndiyo iliyowafunga midomo. Hofu na aibu zina nguvu zake. Ila mtoto aliyeambiwa miaka yote kwamba mkubwa hakosei, siku mkubwa akimkosea atatumia lugha gani kulieleza? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaimbia. Mkuu mwenyewe akiwa ndiye anayevunja, methali inanyamaza.

Sheria nazo zimeshika pande zote mbili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na vifungu vichache mbele inamtaka awaheshimu wazazi, wakubwa na wazee wakati wote. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 umefanya vivyo hivyo. Zikigongana jikoni kwako, utaamua mwenyewe.

Kaka husema kumfundisha mtoto kukataa ni uzungu. Hapo ndipo nisipokubaliana naye kabisa, kwa sababu sisi wenyewe tulikulia kwa babu, na babu tulikuwa tunamtania. Tulimwambia amezeeka, hana meno, mke wake tutamchukua, naye akacheka na kutujibu makali zaidi. Utani wa babu na mjukuu ulikuwa mahali halali pa mtoto kumjibu mkubwa bila kuitwa mtovu wa adabu. La kumwogopa baba ulimpelekea bibi. Msichana alikuwa na somo yake, mtu mzima asiyekuwa mama yake, wa kumuuliza yale ambayo mama haulizwi. Heshima kwa wazazi ilikuwa kali, ndiyo, lakini nyumba ilikuwa na mlango wa uani.

Mlango huo tumeuacha kijijini. Mimi nimepanga vyumba viwili Mbagala. Babu yuko mbali, bibi tunamsikia kwenye simu, shangazi anaonekana msibani na harusini. Tulichobeba kuja nacho mjini ni lile fungu la kunyamaza peke yake, tukaliita malezi ya Kiafrika. Kwa hiyo mzazi wa mjini anayemfundisha mwanawe kusema hapana, kwa maoni yangu, anaziba pengo la babu. Na asiyemfundisha kuamkia amepoteza fungu jingine.

Tulirudi dukani, mimi na yeye. Nilibaki nje karibu na magunia ya mkaa. Nikamsikia: "Shikamoo. Ulinirudishia mia tano, nilikupa noti ya elfu kumi." Muuzaji akavuta droo, akatazama, akampa elfu tano yake. "Si ungesema palepale, mwanangu," akamwambia. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Nilijisifu kwa kaka wiki nzima. Jumapili akaja tena, tukiwa mezani simu yangu ikaita. Alikuwa mtu ninayemdai, samahani, anayenidai mimi. Nikampa mtoto simu nikamnong'oneza amwambie baba amelala.

"Lakini baba, hujalala," akasema, sauti ya kawaida tu, simu mkononi.

Kaka akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, hakumtazama mtoto. Simu ilikuwa bado inaita.