Picha Ipo Ukutani, Jina Liko Wapi?
Hivi ni nani aliyeamua kwamba katika maonyesho ya pamoja, jina la msanii liwe jambo la mwisho kujulikana? Unaingia katika ukumbi mdogo uliojaa kazi za watu wenye mikono na mawazo tofauti kabisa, na badala ya kibao kando ya kila picha unakuta namba ya penseli, ndogo kama yai la chawa, huku orodha ya majina ya namba hizo ikiwa karatasi moja tu mezani mlangoni, nayo ameishika mgeni mwingine. Je, turudi mlangoni kwa kila picha? Picha hutundikwa kwa uangalifu, kitovu chake kikiwa takriban sentimita 150 kutoka sakafuni ili macho yasisumbuke. Basi kwa nini vibao, pale vinapokuwepo, vibandikwe usawa wa goti, kwa herufi za kijivu juu ya ukuta mweupe? Wenzangu mnaovaa miwani mnanielewa. Tunainama, tunakodoa macho, tunapigana vikumbo, na bado hatujui kama ni rangi ya mafuta au akriliki. Jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo: mistari mitano tu! Msanii aliyekesha miezi mizima juu ya kazi ile hastahili kuitwa namba 17.