Friji ya Shangazi

Shangazi yangu wa Majengo huuza barafu za ukwaju, na kwake yeye aliyesomea fizikia ni fundi stima aliyekawia kumaliza. Kwa hiyo friji ilipogoma, akanipigia mimi.

Nikavua viatu mlangoni, adabu, nikamkuta jikoni na ndara zake, sakafu imeroa.

"Hivi huko chuoni mwasoma stima gani?"

Basi nikatanua kifua. Nikamweleza habari za vihami vya topolojia: ndani umeme haupiti, pembezoni wapita raha mustarehe. Huko Würzburg, Ujerumani, walilipima jambo hilo mwaka 2007, kwa mchanganyiko wa zebaki na teluri.

"Ndani hamna kitu, nje umeme?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Si ndiyo friji yangu hii!"

Nikacheka, nikaendelea. Mnyororo wa atomi ukiwa na simetria, ukaugeuza kulia kushoto usione tofauti, polaraizesheni yake, yaani chaji ilivyoegemea upande, haijipangii itakavyo. Ni sifuri au nusu, hakuna katikati. Na mimi nashughulika na vihami vile visivyo vya Kihermiti, ambavyo nishati huvuja au huongezwa kutoka nje. Huko simetria zazaana: madaraja 10 ya kawaida, mwaka 2019 yalihesabiwa yakawa 38.

"Kumi mpaka thelathini na nane! Kumbe hata huko vitu vimepanda."

Hapo ndipo nikashika mkono wa friji.

Nilichokisema sikijui. Jirani wa juu alisikia kigelegele, akauliza nani kaolewa. Mimi nilikuwa nimekaa kitako ndani ya karai la ukwaju, kanzu yangu ya Ijumaa imegeuka rangi ya chai, kokwa moja imenasa kwenye ndevu.

"Si nimekwambia nje umeme?" Shangazi akasema, bila hata kuinuka.

Fundi wa kweli akaja na bisibisi. Waya wa kompresa ulikuwa umechomoka ukagusa bodi, na ule wa athi, wa kupeleka umeme ardhini, umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Shangazi siku zote aliokolewa na ndara za mpira.

"Elfu mbili, mama."

Shangazi akatoa elfu moja. "Mwanangu huyu kasoma. Asema ni sifuri au nusu, hakuna katikati. Haya, chagua."

Fundi akanitazama, akaitazama kanzu, akachukua nusu.