Sekunde 9.77 za Omanyala hazikutoka mapafuni

Kila Mkenya Ferdinand Omanyala anapokimbia, hakosi mtu wa kusema kijana ana pumzi. Mimi nasema mita 100 hazikimbiwi kwa pumzi. Tarehe 18 Septemba 2021 pale Kasarani, alipomaliza nyuma kidogo ya Mmarekani Trayvon Bromell kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika, hewa aliyovuta njiani ilimfaa kidogo mno. Sifa kubwa ilistahili kwenda kwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko mwilini, ambacho sijawahi kusikia mtangazaji wetu akikitaja: kreatini kinasi.

Msuli hujikunja kwa kutumia ATP. Hiyo ndiyo nishati pekee unayoipokea moja kwa moja. Wanga, mafuta na vinginevyo lazima kwanza vigeuzwe. Sasa, ATP iliyo tayari ndani ya msuli ni kidogo: mtu akitimka kwa nguvu zake zote, akiba hiyo ingemtosha sekunde 2 au 3 hivi. Mkimbiaji angekauka kabla ya mita 30. Lakini hakauki, na wanaopima misuli ya wanariadha baada ya mbio za namna hii hukuta ATP imeshuka kwa kiasi tu. Kinachoporomoka ni fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba fosfeti, ambayo msuli uliopumzika unayo karibu mara 3 au 4 ya ATP. Kreatini kinasi huichomoa fosfeti kutoka huko na kuibandika kwenye ADP, yaani ATP iliyotumika na kupoteza fosfeti moja, na ATP inarudi papo hapo. Haisubiri oksijeni wala sukari. Tena mmenyuko wenyewe hufyonza ayoni za haidrojeni, zile zinazoleta asidi, kwa hiyo msuli unapoanza kazi huelekea ualkali kidogo kabla ya ile asidi tuliyokaririshwa shuleni kuanza kujazana.

Nisieleweke kwamba sukari hukaa ikingoja sekunde 10 ziishe ndipo ianze kuvunjwa. Huanza mapema sana, na hadi mwisho wa mita 100 mchango wake ni mkubwa. Ninacholalamikia ni kumpa mwingine sifa za ule mlipuko wa kuanzia.

Kuna kazi ya pili ya kimeng'enya hiki, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Fikiria benki iliyo mjini na wakala wa pesa za simu kijijini. Noti hazisafirishwi kila mtu anapotoa elfu kumi. Kinachosafiri ni thamani, na wakala hutoa noti zilizoko kwake. Mitokondria, vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli, ndiyo benki. Kreatini kinasi ya aina moja imekaa humo, kati ya tando zake mbili, ikichukua ATP mpya na kupakia fosfeti juu ya kreatini. Aina nyingine imejipachika katikati kabisa ya nyuzi zinazojikunja, kwenye mstari unaoitwa M, ikifanya kinyume chake: kupokea fosfokreatini na kutoa ATP pale pale inapotumika. ATP yenyewe haina haja ya kusafiri sana. Kreatini ndiyo inayokwenda na kurudi.

Haya si mambo ya jana. Fosfokreatini ilitambuliwa mwaka 1927, na Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow kule Harvard, na mwaka huo huo na akina Eggleton huko London. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayousukuma msuli. Mwaka 1930 Mdenmaki Einar Lundsgaard akaitilia sumu misuli ya vyura ili isiweze kutengeneza asidi hiyo hata tone. Ikaendelea kujikunja! Ilichoka tu fosfokreatini ilipokwisha. Karibu miaka mia imepita, na bado ukimuuliza mtu aliyemaliza sekondari nguvu za msuli hutoka wapi, atakutajia njia mbili: yenye oksijeni na isiyo na oksijeni, basi.

Kuna pia panya wa Uholanzi wa mwaka 1993, walioondolewa jeni ya kreatini kinasi ya misuli. Waliishi, na misuli yao iliweza kazi ya kuendelea taratibu. Walichokosa ni ule mfyatuko wa ghafla. Nyuzi zao za kasi zikajiongezea mitokondria, yaani zikaelekea kule waliko wakimbiaji wa masafa. Ushahidi mzuri kuliko huo sijui utautoa wapi.

Ndiyo maana huniudhi kumwona kocha akimrudisha kijana kwenye mstari wa mita 60 baada ya sekunde 40 na kuuita uvivu kasi yake inaposhuka. Karibu nusu ya fosfokreatini hurudi ndani ya nusu dakika hivi, lakini kuijaza tena yote huchukua dakika kadhaa, na hapo ndipo mapafu yanapoingia kazini, kwa sababu ni mitokondria zenye oksijeni zinazoijaza. Bila mapumziko, anachofundisha kocha huyo ni ustahimilivu. Aseme hivyo.

Wengi wetu, hata hivyo, hukutana na kimeng'enya hiki kwenye karatasi ya maabara kwa herufi CK, kikiwa kimepanda, na roho inaruka. Msuli uliojeruhiwa hukivujisha kwenye damu. Kurudia mazoezi mazito uliyoyakatiza kwa miezi kunaweza kukifikisha maelfu ya yuniti kwa lita, na kilele huja siku 1 hadi 4 baadaye. Sindano ya msuli nayo hukipandisha. Tafiti zimeonyesha pia kwamba watu weusi wazima, hasa wanaume, kwa wastani wana CK ya juu kuliko Wazungu, na mipaka ya maabara nyingi haitofautishi. Mwambie daktari ulinyanyua nini wiki hiyo, na unatumia dawa gani, hasa zile za kushusha kolesteroli. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho.