Damu ikigoma kukata umioni, afadhali stenti kuliko puto

Ukimkuta mgonjwa amewekewa mrija wa puto ili kuzuia damu kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), tazama upande wa kichwa cha kitanda chake. Lazima pawe na mkasi. Puto likiteleza na kupanda juu linaziba njia ya hewa, na hapo hakuna nafasi ya kutafuta bomba la sindano ili kutoa upepo taratibu. Muuguzi anaukata mrija papo hapo na kuuvuta nje. Nimekaa kando ya mgonjwa wa namna hiyo. Mrija umevutwa kwa uzani mdogo ili puto libane mlango wa tumbo, na mate yanayojaa mdomoni yanafyonzwa kwa mashine kwa sababu hawezi kuyameza. Hasemi, hanywi maji, na mara nyingi huwa amelazwa usingizi akipumua kwa msaada wa mashine.

Kwa hiyo katika mjadala wa kuchagua kati ya puto na stenti nina upande, na sitauficha. Pale ambapo stenti ya umio, yaani bomba la wavu linalotanuka ndani yake na kubana damu, ipo na yupo anayejua kuiweka, puto lisiwe chaguo la kwanza.

Tuanze na damu yenyewe. Ini likisinyaa na kuwa gumu, iwe kwa pombe, kwa homa ya ini aina ya B au C, au kwa mafuta yaliyojaa ndani yake, damu inayotoka kwenye utumbo haipiti tena kirahisi. Mayai ya kichocho cha tumbo nayo huweza kuziba vishipa vya ini na kuleta tatizo hilohilo. Presha inapanda kwenye mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, na damu inaanza kutafuta njia za pembeni. Njia mojawapo ni vena ndogo (mishipa ya kurudisha damu) za sehemu ya chini ya umio, ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Zinavimba na kuta zake zinakonda. Tofauti ya presha kati ya mshipa unaoingia kwenye ini na ule unaotoka ikifika milimita 12 za zebaki au zaidi, hatari ya kupasuka ni ya kweli. Mtu anatapika damu mbichi, au anapata choo cheusi kama lami. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Matibabu ya mwanzo yanajulikana, na wengi yanawasaidia. Mgonjwa anapewa dawa ya kupunguza mtiririko wa damu katika mishipa hiyo, kama terlipresini au oktriotidi, pamoja na antibayotiki. Anaongezewa damu kwa kiasi, hemoglobini ikae kati ya gramu 7 na 8 kwa desilita, kwa sababu kumjaza damu kupita kiasi kunapandisha presha ileile tunayopigana nayo. Kisha endoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwa mrija kupitia mdomoni, ikiwezekana ndani ya saa 12, na vena zilizovimba zinafungwa kwa vipete vya mpira. Lakini katika kila wagonjwa 100, kama 10 hadi 20 hivi damu haikati, au inakata na kurudi baada ya siku chache. Hao ndio ninaowaandikia makala haya.

Kwa miongo mingi jibu lao lilikuwa puto. Robert Sengstaken na Arthur Blakemore walilieleza mwaka 1950, na nalipa heshima yake, maana limewavusha watu waliokuwa wanakufa mbele ya macho ya madaktari. Tatizo ni kwamba linabana damu na linabana nyama pia. Likikaa zaidi ya saa 24 ukuta wa umio unaweza kuanza kufa kwa kukosa damu, na umio unaweza hata kupasuka. Mate na damu vinaweza kuingia mapafuni. Na upepo ukishatolewa, karibu nusu ya wagonjwa hutokwa damu tena.

Stenti inafanya kazi ileile ya kubana, ila inaacha njia wazi katikati. Ile iliyotengenezwa mahsusi kwa dharura hii, SX-Ella Danis ya kutoka Jamhuri ya Czech, ni bomba la wavu wa nitinoli (metali inayorudi kwenye umbo lake ikiachiwa) lililofunikwa kwa utando, lenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 135. Inaingizwa ikiwa imekunjwa ndani ya mrija. Kwenye ncha ya mrija kuna puto dogo linalojazwa upepo likishafika tumboni, kisha daktari anauvuta mrija nyuma hadi ahisi umegota kwenye mlango wa tumbo. Hapo anaiachia stenti, nayo inatanuka yenyewe na kuzikandamiza vena ukutani. Inaweza kuwekwa hata bila endoskopi wala eksirei, na kwa mgonjwa ambaye umio wake umefurika damu kiasi kwamba kamera haioni kitu, hilo ni jambo kubwa mno. Eksirei hupigwa baadaye kuhakikisha imekaa mahali pake. Inaweza kubaki hadi siku 7, na mgonjwa aliye macho anameza mate yake, anakunywa, anazungumza na ndugu zake.

Mwaka 2006 madaktari wa Austria waliripoti wagonjwa 20 waliotibiwa kwa njia hii. Miaka 10 baadaye ukachapishwa utafiti wa Hispania ulioshindanisha stenti na puto kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Walikuwa 28 tu: 13 stenti, 15 puto. Damu ilidhibitiwa kwa asilimia 85 ya waliowekewa stenti, na kwa asilimia 47 ya waliowekewa puto. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 15 dhidi ya 47. Ila waliokuwa hai baada ya wiki 6 hawakutofautiana kwa kiwango cha kitakwimu, na hapo ndipo wapinzani wa stenti wanaposimama: kama haiongezi uhai, ya nini?

Hoja hiyo nimeisikia na siikubali. Wagonjwa 28 ni wachache mno kuamua suala la uhai. Na hata kama idadi ya waliopona ingekuwa sawasawa, njia yenye madhara machache bado ingekuwa bora kwa anayelala kitandani. Mwongozo wa Baveno VII, wa wataalamu wa presha ya mishipa ya ini, uliochapishwa mwaka 2022 nao unasema stenti ina uwezo sawa na puto na ni salama zaidi.

Mipaka ipo. Stenti haisaidii vena zilizopasuka ndani ya tumbo lenyewe. Inaweza kuteleza na kushuka, au kusababisha vidonda. Tena haiponyi ini wala haishushi presha iliyoleta balaa lote. Kinachoniudhi kwelikweli ni stenti inayowekwa, damu ikakata, kila mtu akashusha pumzi, na siku zikapita bila mpango. Siku hizo ni za kuamua kama mgonjwa anafaa kwa TIPS, yaani njia inayotobolewa ndani ya ini kupitia mshipa wa shingo ili kuunganisha mshipa unaoingiza damu na ule unaoitoa (nayo hushikiliwa na stenti, ya aina nyingine). Ni za kuuliza pia kama kuna uwezekano wa kupandikizwa ini, na kuzungumza na familia bila kuficha kama hakuna njia hata moja kati ya hizo.

Ningependa kila anayeiweka stenti aandike kwenye faili, palepale, tarehe ya kuitoa na jina la atakayeitoa, kwa sababu kuitoa nako kunahitaji kifaa chake na mkono uliozoea. Na kwa kuwa wagonjwa wa aina hii huja mara chache na wengi huja usiku, madaktari wa zamu wafundishwe kuiweka kwenye sanamu za mazoezi kabla hawajakutana nao.