Kulala na redio: tunachanganya mambo mawili

Waulize watu wa Arusha na Moshi wanaupataje usingizi, wengi watakutajia kitu kinachotoa sauti. Yupo wa mahubiri ya usiku, yupo wa kwaya kwenye memori kadi, wa zilipendwa, wa kisomo cha Kurani, na siku hizi wapo wanaoweka simu itoe sauti ya mvua hata mwezi wa Agosti, wakati wingu la baridi limeufunika Meru na hakuna tone linalodondoka. Moshi, ambako joto la Januari na Februari halina mzaha, sauti yenyewe ni feni. Wapo walioizoea kiasi kwamba wakija kulala Arusha mwezi Julai, chini ya blanketi mbili, wanalalamika kuwa chumba kimepoa na kimekaa kimya mno.

Upande wa pili wapo wanaosema hayo yote ni kujidekeza: chumba cha kulala kiwe giza na kimya, basi. Ubishi huu hausuluhishwi kwa sababu pande zote mbili zinaizungumzia sauti kana kwamba ni kitu kimoja. Sauti inayokufikisha usingizini ni jambo moja, na sauti inayoendelea kulia ukiwa umeshalala ni jambo jingine. Ushahidi mzuri tulio nao unahusu la kwanza. Desturi yetu kubwa ni ya pili: redio ikawashwa saa nne usiku, ikamkuta mwenyewe alfajiri bado inazungumza.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Hungary, uliochapishwa mwaka 2008. Wanafunzi 94 wa miaka 19 hadi 28 waliokuwa wanalala vibaya waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilisikiliza muziki wa klasiki dakika 45 wakati wa kulala kwa wiki tatu, la pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, la tatu halikupewa chochote. Waliopata nafuu ni wa muziki. Wa vitabu hawakupata nafuu ya maana, na hilo linapaswa kumfikirisha mtu anayelala na kipindi cha mjadala wa siasa. Miaka mitatu kabla yake, huko Taiwan, wazee 60 walikuwa wamefanyiwa jaribio la namna hiyo hiyo kwa muziki wa taratibu wenye mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, nao wakaeleza kwamba usingizi wao umekuwa bora. Mapigo hayo yanakaribiana na ya moyo wa mtu aliyetulia. Singeli, ambayo huvuka 200, tuiachie harusi.

Mwaka 2022 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, lilitoa mapitio mapya kuhusu muziki na watu wazima wenye shida ya usingizi: majaribio 13, washiriki 1,007. Walitumia kipimo cha maswali chenye alama 0 hadi 21, ambapo anayezidi 5 huhesabiwa kuwa analala vibaya. Wasikilizaji wa muziki walishuka kwa takriban alama 2.8 zaidi ya wenzao wasiosikiliza. Si haba, hasa kwa kitu kisicho na kidonge wala gharama.

Lakini soma tena: kipimo cha maswali. Mtu anaulizwa umelalaje, anajibu. Anayejua kwamba amepewa muziki ili alale vizuri ana sababu ya kusema amelala vizuri. Mapitio ya awali ya Cochrane, ya mwaka 2015, hayakupata ushahidi kwamba muziki unaharakisha kusinzia au unaongeza muda wa kulala, ingawa majaribio yaliyopima mambo hayo yalikuwa machache. Yale ya 2022 yanakubali kwamba huenda kuna faida hapo, ila bila uhakika mkubwa. Wanaopinga wanaishika hoja hii kwa mikono miwili, na wana haki.

Hata hivyo sioni kama inaimaliza kesi. Kukosa usingizi kwenyewe hugunduliwa kwa malalamiko ya mgonjwa: daktari anakuuliza, unamweleza. Ikiwa mtu alikuwa anajigeuza kitandani akipiga hesabu ya ada ya mtoto na kodi ya chumba, na sasa anasikiliza kwaya mpaka anapotelea usingizini, nafuu yake ni ya kweli hata kama mashine ingesema amepata dakika tano tu za ziada. Nadhani kazi kubwa ya sauti ya jioni iko hapo, katika kuyafukuza mawazo yanayosubiri taa izimwe ndipo yaingie.

Kuna mtego, nao uligunduliwa Baylor, chuo kikuu kilichoko Texas, Marekani, mwaka 2021. Watafiti waliwachezea watu 50 nyimbo maarufu kabla ya kulala, wengine zikiwa na maneno, wengine zikiwa ala tupu. Wengi tungetarajia zenye maneno ndizo zitakazoganda kichwani na kuharibu usingizi. Ikawa kinyume: ala tupu za nyimbo zinazojulikana ziliganda zaidi, karibu mara mbili, na walioandamwa na wimbo kichwani walichelewa kulala na kuamka zaidi usiku. Ukiupa ubongo wimbo unaoujua bila maneno yake, huenda unashinda ukiyajaza wenyewe. Kwa hiyo ule ushauri wa "weka ala tu" una kasoro yake. Afadhali ala za muziki usioufahamu, na kama ni kwaya ya kanisani kwako, ile unayoiimba kila Jumapili, isikilize mapema kidogo kisha uizime. Watafiti haohao waliona pia kwamba wanaosikiliza sana muziki mchana kutwa ndio wanaoeleza usingizi mbovu zaidi. Hapo mimi naenda polepole, maana anayelala vibaya ndiye anayekimbilia muziki.

Sasa la pili, sauti ya usiku kucha. Hapa wanaotetea ukimya wana hoja nzito, ila wanaitoa kana kwamba ukimya upo na sisi tumeukataa. Upo wapi? Ukipanga Kaloleni au Majengo unapata baa, mbwa, bodaboda anayepasha injini saa kumi, jogoo asiyejua saa, na kama uko karibu na barabara kuu, lori linalobana breki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba sauti ya kudumu chumbani isizidi desibeli 30, na kishindo kimoja kimoja kisizidi 45. Mwaka 2009 likaweka desibeli 40 kuwa kiwango cha usiku nje ya nyumba kwa Ulaya. Nyumba ya bati isiyo na silingibodi, yenye madirisha ya nyavu, haizuii sana kinachotoka nje.

Kinachomwamsha mtu si ukubwa wa sauti peke yake. Ni badiliko. Ubongo uliolala unaendelea kusikiliza, na mtu aliyelala huitikia jina lake kuliko majina mengine. Hilo lilionyeshwa tangu mwaka 1960. Mvua ya masika inapiga bati kwa kelele inayowalazimisha watu wazungumze kwa kupaza sauti, na bado watu wanaisifu kuwa ndiyo inayowalaza fofofo, kwa sababu ni mvumo mmoja unaofunika breki, mbwa na jogoo. Feni hufanya kazi hiyohiyo. Redio haifanyi. Redio ina mtangazaji anayecheka, tangazo lililorekodiwa kwa sauti ya juu kuliko kipindi, kisha wimbo, kisha ukimya wa sekunde mbili. Anayelala nayo kuukimbia mtaa ameleta mtaa mwingine kitandani.

Je, basi tuhamie kwenye mvumo wa simu, ule wanaouita kelele nyeupe, unaofanana na redio isiyoshika stesheni? Wapenzi wake ni wengi kuliko ushahidi wake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipitia tafiti 38 kuhusu kelele ya kulalia wakakuta ubora wa ushahidi ni mdogo sana, wakaonya kwamba inaweza hata kuharibu usingizi. Mimi nauona kama dawa ya mahali: wenye baa dirishani wautumie, kwa sauti ya chini inayotosha kufunika tu. Aliye Machame juu, ambako usiku ni maji ya mfereji na wadudu, anautakia nini?

Watu pia hawafanani. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2010 uliwapigia waliolala sauti za simu na magari, ukaona kwamba wale ambao ubongo wao hutoa kwa wingi mishtuko mifupi ya umeme wakati wa usingizi ndio wasioamka kirahisi. Ndiyo maana ndani ya kitanda kimoja kuna anayelala na sabufa ya jirani na kuna anayeamshwa na kijiko kikianguka jikoni. Kumwambia huyu wa pili "utazoea" ni kumwonea.

Kwa watoto wachanga niko mkali zaidi. Ni kweli mvumo unawalaza: jaribio la London la mwaka 1990 lilikuta watoto 16 kati ya 20 waliosikilizishwa walisinzia ndani ya dakika tano, dhidi ya 5 kati ya 20 walioachwa kimya. Lakini mwaka 2014 vifaa 14 vya kazi hiyo vilipopimwa vikiwa vimefunguliwa sauti hadi mwisho, vyote vilivuka desibeli 50 kwa umbali wa sentimita 30, na vitatu vilivuka 85, kiwango ambacho mtu mzima kazini huanza kulindwa masikio. Simu iliyowekwa juu ya mto wa mtoto iko karibu kuliko hapo. Iwekwe upande wa pili wa chumba, sauti ishushwe, na mtoto akilala izimwe.

Kwa mkubwa, simu nyingi na televisheni zina namna ya kujizima baada ya nusu saa au dakika 45. Mwenye kitochi aweke nyimbo chache zinazoisha, asiweke kurudia. Spika za masikioni sizipendi kitandani, ingawa najua vitochi vingi havishiki redio mpaka uchomeke waya wake. Na kuna jirani: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayozisimamia, lakini hakuna atakayemwita NEMC kwa ajili ya mahubiri yanayopenya ukuta wa nyumba ya vyumba sita. Hilo linabaki la kugonga mlango na kuombana.

Kundi moja halipaswi kuwashiwa chochote kabla halijachunguzwa: wanaokoroma kwa nguvu, wakakata pumzi kwa sekunde kadhaa, kisha wakashtuka kama wanaozama, na mchana wakasinzia kwenye usukani. Hizo ni dalili za njia ya hewa kuziba usingizini, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hana habari. Anayejua ni mke au mume aliye pembeni. Redio ikilia usiku kucha, huyo wa pembeni hasikii pumzi inapokatika, na daktari wa hospitali ya KCMC au Mount Meru atakapouliza hali ilivyo usiku, hatakuwepo wa kumjibu.