Zimwi la Mpira Likishaonekana

Nilikuwa darasa la sita nilipoiona zipu mgongoni mwa zimwi. Tulikuwa kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, Ngarenaro, Arusha, kiingilio shilingi 100, tumebanana kwenye mabenchi, televisheni imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo utadhani mahabusu. Kwa karibu saa nzima hakuna aliyekohoa. Kwenye kioo kulikuwa na chombo cha angani, wanasayansi watano, na kitu kisichoonekana kilichokuwa kikiwapunguza mmoja mmoja. Machalii wanaopiga mbinja hata kwenye filamu za Kihindi walisahau kutafuna miwa yao. Kisha mwongozaji akaharibu: akalitoa zimwi mwangani. Kumbe ni mtu kavaa mpira, na alipogeuka tukaiona zipu, kuanzia kisogoni hadi kiunoni. Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Waliouawa baada ya hapo walikufa bila mtu wa kuwalilia.

Kila ubishi unapozuka kuhusu filamu za kutisha za kisayansi zinazotengenezwa kwa hela ya kuungaunga, narudi kwenye zipu ile. Ubishi wenyewe hauishi. Wako wanaoapa kwamba hizo ndizo sinema zenye roho, kwamba hela nyingi huzaa kelele nyingi. Wako wanaosema takataka ni takataka, na kukosa hela si kipaji. Mimi naona pande zote mbili zinakodolea macho pochi ya mtengenezaji, wakati swali lenye faida ni jingine: zimwi limeonekana dakika ya ngapi, na nani aliamua lionekane?

Watetezi wana ushahidi mzito, tuanze nao. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh, watu waliokuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara, walitoa Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000. Damu yao ilikuwa sharubati ya chokoleti. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nani angejua? Sehemu kubwa ya hadithi inapita ndani ya nyumba moja ya shambani. Hata sayansi yake ni ya kusikia kwa mbali: redio na televisheni zinataja mionzi ya chombo kilichokuwa kikirudi kutoka Zuhura, wakubwa wanabishana mbele ya kamera, basi. Hakuna maabara wala profesa wa kutufafanulia. Waliojifungia ndani wanajua kiasi kile tunachojua sisi umeme unapokatika usiku na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka kwa pamoja.

Au chukua Cube ya Vincenzo Natali, Mkanada, ya mwaka 1997. Watu wamenasa kwenye jumba la vyumba visivyo na idadi, vingine vina mitego ya kuua. Vyumba vyote hivyo, kimsingi, ni chumba kimoja kilichojengwa studio; walichobadilisha ni rangi ya kuta na mwanga. Mtazamaji anatembezwa jengo zima akiwa hajatoka pale pale. Huo ni ujanja ambao mwenye hela asingeufikiria, maana angejenga vyumba ishirini na tungechoka kufikia cha tatu.

Lakini hapa hapa naanza kuwatilia shaka watetezi. Wanasema ukata ndio uliofundisha kuficha. Mbona Ridley Scott alificha akiwa na dola milioni 11? Katika Alien ya 1979, aliyevaa vazi la lile dubwana ni kijana wa Kinaijeria, Bolaji Badejo, mrefu kupita mita mbili, aliyekuwa akisoma London. Naye alikuwa mtu ndani ya mpira, sawasawa na yule wa Ngarenaro. Tofauti ni kwamba tulionyeshwa mkono, mkia, taya, halafu giza. Kuficha ni uamuzi wa mtu anayeijua hofu. Ukata unaweza kumsukuma mtu kwenye uamuzi huo, lakini hauwezi kumpa akili ya kuufanya.

Sisi wa huku, kwa kweli, hatukuhitaji kuletewa somo hili kwenye kanda. Enzi za ukoloni, Tanganyika, Kenya na Uganda zilienea habari za watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa. Huku tuliwaita mumiani. Kwa majirani zetu lawama ziliwaangukia wazimamoto na magari yao. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kuzichapisha mwaka 2000, na ukizitazama vizuri ni hadithi za kutisha za kisayansi kamili: gari, sindano, mpira wa kuvutia damu, serikali yenye siri. Bibi yangu, mtu wa Old Moshi, alitusimulia za kwake wakati mtori ukichemka. Gari lilikuja bila taa. Lilisimama. Mlango ukafunguka. Nilimuuliza mara nyingi, "Bibi, mumiani anafananaje?" Alikuwa akikoroga tu chungu. Bajeti yake ilikuwa kuni tatu, na mpaka leo gari likizima taa nyuma yangu shingo inasisimka.

Tatizo la hadithi hizi ndilo tatizo la filamu hizi pia, na wapenzi wake hawapendi kuliongelea. Hela inapokuwa ndogo, njia ya mkato ya kueleza ubaya umetoka wapi ni koti jeupe. Mwanasayansi kavuka mpaka, jaribio limeharibika, sindano imechomwa, mtu kageuka mnyama. Miaka ya 1950 Marekani, baada ya Hiroshima na Nagasaki na wakati mabomu yakijaribiwa jangwani Nevada, hofu hiyo ilikuwa na mashiko. Mionzi ilikuwa jambo la kweli na serikali haikuwa ikisema yote. Leo koti jeupe limebaki kuwa uvivu. Na uvivu huo una gharama: nesi anayepita nyumba kwa nyumba na kisanduku cha chanjo anakutana na mama aliyeyasikia ya mumiani kwa bibi yake na kuyaona ya virusi kwenye simu. Sisemi filamu ndizo zilizozaa hofu hiyo. Lakini zinailisha, bila kuipa hata swali moja la maana.

Kuna raha nyingine inayotetewa sana, ya kucheka. Mwaka 1953 Marekani ilitoka Robot Monster, ambamo mvamizi kutoka angani ni vazi la sokwe lenye kofia mfano wa ile ya mzamiaji, kwa sababu hela ya vazi la roboti haikuwepo. Watu wanaitazama mpaka leo wakishika mbavu. Nami nimecheka. Ila kicheko hicho nakipima kwa jicho la kibanda umiza, ambako filamu mbovu ilikuwa na mwokozi wake: mtafsiri. Lufufu na waliofuata nyayo zake hawakuwa wakitafsiri tu. Walijaza mashimo ya skripti kwa sauti yao, wakampa mhusika jina la mtaani, wakamtania, wakatuonya, wakasema aliloshindwa kusema mwandishi. Kampala jambo hilo limekuwa sanaa kamili: Isaac Nabwana wa Wakaliga alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na sauti ya mtafsiri wake, VJ Emmie, juu yake ni nusu ya filamu. Hiyo ni ya mapigano, si ya mazimwi ya angani, lakini ni ya ukoo huo huo wa kuungaunga. Pale mtengenezaji anacheka pamoja nasi. Aliyetengeneza sokwe mwenye kofia alitaka tuogope. Kuyaita yote mawili "mbaya mpaka nzuri" ni kumnyima wa kwanza sifa yake na kumpa wa pili asiyostahili.

Rafiki yangu mmoja, mshuti video za harusi hapa Kaloleni, hana subira na mazungumzo ya namna hii. "Kaka, taa ninayokodi kwa siku moja ni hela ya kula wiki," aliniambia. "Usiniambie umaskini ni mwalimu. Mwalimu gani anayekunyang'anya daftari?" Ana haki. Wanaousifu ukata mara nyingi ni wale wanaoutazama wakiwa wamekaa. Hata Roger Corman, mtayarishaji wa Marekani aliyetoa filamu za bei chee kama mtu anayekaanga maandazi, na ambaye karakana yake ilimpa James Cameron kazi ya kuunda vyombo vya angani vya kuigiza, alijulikana pia kwa malipo madogo.

Rafiki huyu ndiye aliyenifungua masikio kuhusu sauti. Alinionyesha kipande kimoja mara mbili: mwanamke anatembea kwenye korido yenye giza. Mara ya kwanza kwa sauti ya kamera yenyewe, na upepo, na pikipiki ya mbali, na jogoo asiyejua saa. Mara ya pili kafuta vyote, kaacha nyayo na tone la maji. Picha ni ile ile, chafu vile vile. Ya kwanza nilikuwa naangalia dada wa mtu akitembea. Ya pili nilitaka kumwita arudi. Filamu zetu za majini za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na mambo ya kutisha kweli kweli, lakini nyingi ziliuawa na kinanda kisichonyamaza, na kinanda hicho hakikuwekwa na ukata. Kukinyamazisha ni bure. Kuandika skripti upya mara ya tatu nako ni daftari na usiku kadhaa tu, na hapo ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia tukiambiwa "hawakuwa na bajeti".

Kwa hiyo nani humtoa zimwi mwangani mapema? Mara nyingi ni bango. Kampuni ya American International Pictures, ambayo Corman aliifanyia kazi nyingi, ilikuwa na desturi ya kubuni jina na bango kwanza, skripti ikafuata. Bango lina zimwi, mteja kalipia zimwi, zimwi litolewe. Biashara ndogo haina ubavu wa kumwambia mteja asubiri.

Nililielewa hili vizuri Juni, baridi ya Arusha ikiwa imetuingia mifupani. Rafiki yangu ameanza kushuti filamu yake mwenyewe, fupi, kuhusu kitu kilichoanguka usiku kwenye migomba kule Ilboru. Alinionyesha dakika kumi alizokwisha kuzipanga. Majani yanatikisika wakati hakuna upepo. Mtoto anamwita mama yake, na sauti ya mama inajibu kutoka upande ambao mama hayupo. Niliweka kikombe chini.

Dakika ya kumi na moja likatoka kinyago cha mpira alichokipata kwenye mitumba ya soko la Kilombero, cha kijani, masikio yamepinda.

"Kitoe," nikamwambia. "Kata hapo hapo, kabla halijageuka."

Aliusimamisha mchezo, akakitazama kinyago chake muda mrefu.

"Elfu arobaini na tano, kaka," akasema. "Nisipokionyesha, hela yangu inarudije?"